Mistari Myekundu ya Monita ya Tegeta

Kabla hujacheka, nikwambie kwamba ningesimuliwa hili na mtu mwingine, hata mimi ningecheka. Mimi si mtu wa kuona majini kila kona. Paka akilia dirishani kwangu namrushia kandambili, nageuka upande wa pili nalala. Lakini hili lilinitokea mwenyewe, jua bado linawaka, nikiwa na akili zangu timamu, na kuna mtu alikuwepo ambaye yuko hai mpaka leo.

Kazi yangu ni kuchukua video. Naishi Bunju na mama yangu, na mara nyingi naitwa kwenye sherehe za wanawake peke yao, singo ya kumsinga bibi harusi na kicheni pati, ambako mpiga video mwanaume haruhusiwi kukanyaga. Kina mama wakikupenda, hukosi kazi. Ukiwaharibia sherehe moja, wanaambiana kabla hujafika nyumbani. Na mimi nilikuwa nimeharibu moja. Bibi harusi wa Mbagala, binti mzuri kweli, uso wake wote ulitoka na ukungu huku maua ya nyuma yake yakionekana jani kwa jani. Alipoiona video akalia. Nikasingizia kamera.

Ukweli ni kwamba jicho langu la kulia lilikuwa limeanza kunisaliti, na kile kioo cha kamera, kidogo kama kiberiti, sikukiona tena sawasawa. Jumamosi nilikuwa na singo Gongo la Mboto. Nikiiharibu na hiyo, kwaheri kazi. Nilihitaji monita, ile televisheni ndogo inayofungwa juu ya kamera. Lakini kilichoninyima usingizi ni swali jingine: je, kama na monita nayo sitaiona?

Wiki nzima nilihangaika. Kariakoo nilioneshwa moja mpya, dukani inang'aa, nilipotoka nayo juani nikajiona mwenyewe tu na wanja wangu uliochuruzika. Nyingine, ya rafiki yangu, ilikuwa nzito mpaka mkono ukafa ganzi. Jumatano mtu akaweka tangazo kwenye grupu letu la wapiga video: monita ya inchi tano, inaonekana hata juani, ipo Tegeta. Nikamwandikia. Akajibu, njoo kesho alasiri.

Nyumba ilikuwa mpya, nje haijapigwa plasta, geti liko wazi. Barazani palikuwa na meza, monita juu yake, na mama mmoja wa rika la mama yangu amekaa kwenye kiti cha plastiki, amejitanda khanga, bega lake la kushoto limeinama kuliko la kulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndo wewe wa monita? Mwenyewe kaenda msikitini, anarudi sasa hivi. We ijaribu tu."

Sasa nikupe siri ya kazi. Monita haijaribiwi kwa ukuta. Inajaribiwa kwa uso wa mtu, tena mweusi kama sisi, maana monita ya hovyo itakugeuza majivu au nyanya. Kwa hiyo nikamgeuzia mama kamera. Nikachomeka kebo, nikabonyeza kurekodi kama kawaida yangu, nikamwomba atulie nimpige video kidogo, kisha nikawasha mistari. Mistari yenyewe iko hivi: kitu kikiwa hakina ukungu, monita inakichora pembeni kwa wekundu. Ukiuona wekundu kwenye kope za mtu, ujue umempata.

Rangi, safi. Mwanga, safi, na jua lilikuwa linaipiga usoni. Nikazungusha lenzi. Mguu wa kiti ukashika wekundu. Upindo wa pazia ukashika. Uso wa mama, hakuna kitu. Nikazungusha tena, taratibu. Wekundu ukaja mpaka mbele yake, ukatokea nyuma yake, yeye ukamruka. Halafu nondo za dirisha lililokuwa nyuma yake zikachoreka zote, hata zile zilizotakiwa kufichwa na kifua chake. Zilipita katikati yake.

Unadhani nilikimbia? Niamini, jini hata halikunijia akilini. Mimi nilijua ni jicho. Nilijua limekwisha, na kazi imekwisha nalo, na mama yangu kule Bunju ananitegemea mimi tu. Nikaiacha kamera pale mezani, ikimwelekea, nikakaa kwenye ngazi nikalia.

"Unalia nini, mwanangu?"

"Jicho langu, mama. Linakufa. Hata wewe nimeshindwa kukupata."

"Jicho lako zima," akasema, wala hakunionea huruma, alisema kama anayetaja bei ya nyanya. "Huyu mwanangu mwenye monita ana macho mawili mazima, na hajanipiga video hata siku moja."

Nikafuta machozi kwa mkono wa blauzi. Nilipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu. Nikajua ameingia ndani.

Kaka mmoja akaingia getini na kofia yake kichwani. "Samahani sista, nimechelewa. Nani kakutolea monita? Niliiacha ndani, kwenye boksi."

"Mama."

"Mama yupi?"

"Si mama wa hapa? Huyu wa..." Nikaliinamisha bega langu la kushoto kumwonesha.

Akakaa chini palepale kwenye saruji. Akaniambia mama yake ameshazikwa, hata arobaini yake haijafika. Nilitaka kubeba begi langu niondoke, lakini nikakumbuka kwamba nilirekodi, na mdomo wangu, usio na breki, ukamwambia.

Tukaicheza palepale kwenye monita. Kiti kitupu. Sauti yangu ikiomba mtu atulie, halafu kimya. Sauti yangu ikilia, ikijibu, halafu kimya. Sauti ya mama haikuwemo. Nilianza kuona aibu, kama mtu aliyefumaniwa akiongea peke yake. Ila mistari nilikuwa sijaizima. Pale kwenye kiti kitupu wekundu ukaanza kujichora, kwanza upindo wa khanga, kisha bega, lile lililoinama, kisha kidevu, na mwisho kope, moja moja. Kumbe muda wote niliokuwa nazungusha lenzi na kumkosa, alikuwa ametulia palepale.

"Ndo yeye," yule kaka akasema. "Nimepiga harusi za watu mpaka Bagamoyo huko. Alikuwaga ananiambia, na mie nipige siku moja. Namwambia kesho mama, betri haina chaji." Akaishika monita kwa mikono miwili. "Siuzi tena, sista. Na kadi yako yenye hii video, tafadhali, niachie."

Nikamwachia. Ungekuwa wewe ungeidai?

Nikarudi Kariakoo nikachukua ile inayong'aa, nikaizungushia kava la boksi lililopakwa rangi nyeusi kuzuia jua. Singo ya Jumamosi ilitoka vizuri, kope zote za bibi harusi zipo. Na daktari wa macho akaniambia nilichohitaji ni miwani tu. Jicho zima, kama nilivyoambiwa.

Utulivu ndio sijaupata. Tangu siku ile, kila jioni mama yangu akiwa jikoni namwelekezea kamera. "Ushaanza tena? Hebu niache nimenye vitunguu," ananigombeza. Mimi naangalia mistari tu. Ikimshika kopeni, nakula, nalala. Wiki iliyopita ilichelewa. Mara ya kwanza ikashika kisu. Mara ya pili ikashika sufuria. Mara ya tatu ndipo wekundu ukapanda usoni kwake ukatulia. Mama akaniuliza mbona nahema hivyo. Nikamjibu kwamba betri inakaribia kuisha.

Kwa hiyo, ukienda kununua monita, usiijaribu kwa uso wa mtu uliyemkuta barazani. Nenda na mtu wako unayemjua. Na kama mama yako bado yupo, mpige video leo, hata kama hajachana nywele, hata kama anagomba. Usimwambie kesho.