Mafuta ya Kupanda Bugarama

Asubuhi nilikuta tena maji yametuama chini ya gari, na sikuwa na nguvu hata ya kutukana. Rejeta ilikuwa mpya kwetu, ingawa ilitolewa kwenye gari lililogongwa. Ile ya zamani ilikuwa imeoza. Fundi wangu wa Buyenzi aliifunga mwenyewe, akaapa kwamba sasa hata mlima wa Bugarama tungeupanda huku tunaimba. Bugarama ndiyo iliyokuwa shida. Barabara ya Muramvya inaupanda mlima tangu inapoacha mji, na gari linalovuja maji haliwezi kufika juu.

Huko Muramvya mama yangu mkubwa alikuwa anakwisha. Alishaacha kula, na kila akiamka alimuita mdogo wake, yaani mama yangu. Mama naye alikuwa amevunjika nyonga. Safari ya basi hakuiweza, sharti alale kwenye kiti cha nyuma cha gari letu. Nyumbani kwetu Mutanga Nord sote tulijua kwamba bila gari hili ndugu hao hawangeonana tena, ila hakuna aliyelisema. Mama alikuwa ameweka mfuko wake wa nguo na dawa karibu na mlango, nami nilipita hapo nikitazama pembeni.

Nilimrudia fundi. Alikaza vibanio vya mipira ya maji, akazungushia kipande cha mpira wa ndani wa tairi kwenye shingo ya rejeta, akajaza maji, akawasha injini. Tuliinama wote wawili. Pakavu. Akazima hapo hapo, akajipangusa mikono. Nikaendesha mpaka nyumbani, na baada ya muda maji yakawa yameenea chini kote, usijue yametokea wapi. Tukarudia, na tukarudia tena. Nilianza kumchukia fundi, kisha gari, kisha nikamkasirikia hata mgonjwa kwa kuugulia mbali.

Siku moja nilikaa juu ya tairi bovu pale gereji, nimechoka hoi, nikamtazama akifanya kazi. Ndipo nilipoona kwamba tulikuwa tunakagua injini ikiwa baridi. Katika mji ambao watu wanalala kwenye foleni ya mafuta, nani anaacha gari lingurume likiwa limesimama? Mkono wa fundi ulikuwa unaenda wenyewe kwenye ufunguo, nami sikuwahi kumzuia. Mafuta yaliyokuwamo ndiyo ya safari yetu, niliyapata kwa kusimama juani mpaka miguu ikavimba, na hayakuwapo mengine.

Nilimwambia safari hii asizime. Alinitazama kama mtu anayeona unga unamwagwa makusudi.

"Mama, esansi ingine utaitoa wapi?" fundi aliniuliza.

Nilimjibu kwamba lisilobudi hutendwa, aiache injini iyanywe mafuta hayo. Injini ikanguruma chini ya mabati, mafundi wa jirani wakaja kuuliza ni nani huyo tajiri. Mshale wa joto ulipanda. Ule wa mafuta nilikataa kuutazama. Mwishowe mvuke ukatoka, kisha maji, tena si pale alipokuwa akikaza siku zote. Yalitoka kwenye mpira wa chini, nyuma kabisa, wenye ufa uliofunguka ukipata joto tu. Alitafuta mpira mwingine, akaufunga. Halafu ikabidi tuiache injini ichemke tena ili tuwe na hakika, na hapo ndipo roho iliponiuma hasa. Fundi alipitisha kiganja chini ya mpira, akanionyesha kikavu. Nilimshukuru kwa dhati, lakini furaha sikuwa nayo.

Nyumbani nilimkuta mama amelala ubavu. Nilimweleza kwamba gari limepona, ila mafuta yaliyobaki yanatosha kwenda tu. Nilimwambia labda tungoje, huenda wiki ijayo stesheni za mafuta zitayapata. Akaniuliza jambo moja tu.

"Kufika, inatosha?"

"Kufika inatosha, mama."

"Basi twende, mutoto wangu. Yeye ndiye alinibeba mugongoni. Mi sina haraka ya kurudi."

Nilikwenda kutafuta mto wa kumwekea chini ya nyonga.