Ufagio wa Mvunja Boriti

Kazi ya fundi wa maabara yetu ni kuvunja boriti za zege jepesi zenye matundu ya kupitishia mabomba, ili kupima nguvu zake. Kabla ya kuwasha mashine ya kukandamiza, hupapasa kona za tundu kwa kidole gumba, kama mama anavyopapasa paji la mtoto mwenye homa. Kisha husimama kando, kichwa upande, akisikiliza. Hana maneno mengi. Juzi, mashine ikiwa tayari inakandamiza, mhandisi mgeni alikaa karibu na boriti, akiandika.

“Mwanangu, sogeza kiti.”

“Bado sana, mzee. Hesabu zinaonyesha itahimili.”

“Mimi na hesabu hatugombani. Sogeza kiti.”

Akasogea huku akiguna. Boriti ikapasuka kwenye kona ya tundu, kipande kikatua pale pale alipokuwa amekaa. Tulipogeuka kumtazama fundi, tayari alikuwa ameshika ufagio.