Bomba Halinywi Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya isimu, na nilidhani mahakama ya Bomet ilikuwa imeningoja. Karani Mkuu aliitazama ile tai kwa huruma, akanituma nikachemshe chai ya hakimu. Niliporudi akaniuliza nilisomea nini.

"Isimu, mzee. Sayansi ya lugha."

"Kumbe lugha iko na sayansi?" Alicheka mpaka akakohoa. "Sikiza, kijana. Hapa wewe ni bomba. Maji inaingia Kikipsigis, inatoka Kiswahili. Ama Kizungu, kama hakimu ameamka vibaya. Na bomba halinywi maji. Umenielewa?"

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa. Yaliyobaki nilijifunza kwa kuaibika.

Vijana wanaoingia kazi hii leo huniuliza mkalimani wa mahakama hufanya nini hasa. Kwanza, hasemi "shahidi anasema aliona." Husema "niliona," kana kwamba macho ni yake. Mama yangu alikuja siku moja kumwona msomi wake akiwa kazini. Alifungua mlango wa mahakama akanikuta nimesimama wima nikisema, "Ni kweli, mheshimiwa, ng'ombe nilimwiba mimi, lakini alikuwa amekonda." Aliketi nyuma akafumba macho kuomba. Nilipomweleza baadaye kwamba mwizi alikuwa mwingine, alisema, "Basi kwa nini usiseme maneno yako mwenyewe?" Mkalimani hana maneno yake mwenyewe. Akitaka kukohoa kwa niaba yake lazima aombe ruhusa: "Mheshimiwa, mkalimani anaomba maji." Unajitaja kama mtu aliyeko chumba kingine.

Kutoka Bomet nilikuwa nikipelekwa Siongiroi na mahakama ya kuzunguka. Tulikuwa tunaketi chini ya paa la mabati karibu na soko la mifugo, na Hakimu Mkazi alikuwa akisimamisha kesi kila fahali alipoamua kutoa maoni. Halafu nikahamishiwa Mahakama Kuu, Kericho. Huko Naibu Msajili, mama mwenye sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele, alinipa sheria ya pili. "Usile na shahidi. Usile na mshtakiwa. Usile na wakili, watasema mmepatana." Nilihesabu waliobaki nikapata ni mimi. Nikapanga nyumba Kapsoit, nikawa nakula na redio. Hata kanisani watu waliacha nafasi pande zote mbili za kiti changu, maana nilikuwa nimeshasema siri zao kwa sauti, tena kwa nafsi ya kwanza.

Katika miaka yangu ya mwisho ndipo alipokuja kogo Tapkigen. Kogo ni nyanya kwa lugha yetu, na hivyo ndivyo mahakama nzima ilivyomwita, hata Jaji.

Mkulima mmoja wa chai karibu na Kapkatet alikuwa ameuawa akitoka kupeleka majani kituoni. Watu wakasema ndugu yake mdogo ndiye aliyekodi muuaji, kwa sababu ya shamba la baba yao. Muuaji aliyetajwa alikuwa Kiprono, mtoto wa mwisho wa kogo. Kabla hajafikishwa popote, wanaume waliovaa kiraia walimchukua shambani kwa mama yake wakaondoka naye kwa gari. Tangu hapo hakuna kituo cha polisi kilichokubali kuwa naye.

Kogo akapata wakili kijana aliyemwandikia ombi la habeas corpus. Maneno hayo ya Kilatini yanatisha bure. Maana yake ni kwamba jaji anamwamuru yeyote anayemshikilia mtu amlete mahakamani aonekane, na aseme anamshikilia kwa sheria gani. Lakini lazima kwanza uthibitishe kwamba anashikiliwa, na anashikiliwa na nani.

"Ni nani waliomchukua mwanao?" wakili wake alimuuliza.

Kogo aliinamisha kichwa. "Watu wanasema ni maafisa wa upelelezi," alisema, nami nikasema.

Wakili wa Serikali aliruka kama aliyekalia siafu. "Uvumi! Mheshimiwa, huo ni uvumi!" Naye hakukosea. Ushahidi wa uvumi ni kueleza ulichoambiwa na mtu ambaye hayupo kuulizwa, na mahakama huukataa. Jaji akayafuta maneno ya kogo.

Mimi nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Kwetu mtu mzima hasemi jambo zito la mtu mwingine kwa kinywa chake. Hata kama alisimama pale akaona, husema "watu wanasema," ili neno lisimwangukie mtu kama jiwe. Hiyo ni heshima. Nikainua mkono.

"Mheshimiwa, mkalimani anaomba kufafanua desturi."

"Mkalimani akitaka kutoa ushahidi ataapishwa," Jaji alisema bila ukali. Bomba likanyamaza. Lakini Jaji yule hakuwa mjinga. Alimgeukia kogo. "Watu tuwaache. Macho yako yaliona nini?"

Kogo aliinua kichwa. Kisha akasema, nami nikasema: "Wakisema watu, pengine wamekosea. Nikisema niliona, basi imekuwa."

"Sema tu, kogo."

"Niliona. Nilikuwa nachuma chai. Mmoja wao namjua, alikuja kwetu mara ya kwanza kuuliza habari za yule marehemu. Ameketi pale nyuma."

Ukumbi mzima uligeuka. Afisa aliyeonyeshwa alikuwa akisoma simu yake. Siku iliyofuata akaleta hati ya kiapo kwamba hakuwahi kumchukua Kiprono wala hajui alipo, na kwa kuwa hakuna rekodi ya kituo chochote iliyoonyesha vingine, ombi likatupwa. Kogo akakata rufaa.

Rufaa ikiwa bado haijasikilizwa, kesi ya mauaji ikaanza. Ndugu wa marehemu akapanda kizimbani akiwa amevaa suti mpya. Ushahidi dhidi yake ulikuwa mmoja tu: mwendesha boda aliyedai kwamba Kiprono, wakiwa wanakula nyama, alimwambia ni nani aliyemtuma na kwa nini. Yaani uvumi. Lakini sheria ina mlango mdogo. Maneno ya mtu aliyekufa, au asiyeweza kupatikana, yanaweza kukubaliwa kama alipoyasema yalikuwa yanamtia yeye mwenyewe hatarini. Wakili wa Serikali alihitaji kuupita mlango huo. Akamwita kogo.

Naomba msomaji aone mtego ulivyokuwa. Kogo akisema mwanawe amekufa, maneno ya Kiprono yanaingia, na aliyemkodi huenda akafungwa. Lakini rufaa yake inakufa hapo hapo, kwa sababu hakuna jaji anayeamuru maiti aletwe aeleze kwa nini anashikiliwa. Mjane wa yule mkulima alikuwa ameketi benchi la mbele, mikono mapajani, akimtazama. Alikuwa akimwomba kwa macho.

"Mama," Wakili wa Serikali alisema, sasa kwa upole, "tangu mwanao aondoke, amewahi kupiga simu?"

"Hapana."

"Amewahi kuonekana sokoni, kanisani, kwa jamaa?"

"Hapana."

"Pole sana. Basi unakubali kwamba amekufa?"

"Nani amemwona amekufa?"

"Mama, kila mtu kule kwenu anajua."

"Watu wanasema," kogo alijibu. Akamtazama vizuri. "Siku ile nilisema hivyo, ukaruka. Ukasema maneno ya watu hayaingii hapa. Leo ni mimi nakuambia. Hayaingii."

Mtu mmoja alicheka, akajuta.

"Basi angalau hapatikani," Wakili wa Serikali alisema.

"Mmemtafuta wapi? Yule niliyewaonyesha, mmemuuliza?" Sauti yake ikavunjika, na yangu ilikuwa lazima iifuate. "Mimi sijamwona mwanangu amekufa. Sitamzika mwanangu kwa mdomo ili ninyi mshinde kesi."

Niliyasema hayo nimeshika ubao wa kizimba. Nilikuwa nimesema "mwanangu" mara nyingi sana katika kazi yangu, lakini siku hiyo neno lilitoka kama langu.

Jaji aliamua kwamba Serikali haiwezi kusema imemtafuta mtu kila mahali na haijamhoji afisa anayedaiwa kuondoka naye. Mlango mdogo ukafungwa. Bila maneno ya Kiprono, kesi haikuwa na miguu, na yule mwenye suti mpya akaenda nyumbani. Mjane alibaki kwenye benchi mpaka askari alipomwomba atoke. Kogo alimngoja mlangoni, akamnyooshea mkono. Mjane aliutazama ule mkono, akapita.

Mimi nilikuwa nyuma yao na mwavuli wangu. Kogo alinigeukia. Kesi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo sikuvunja sheria kusimama naye.

"Wewe unayesema mwanangu, mwanangu, una watoto?"

"Sina, kogo."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi huyo ni wetu. Umemwita wako mbele ya Jaji."

Rufaa yake nayo ilitupwa: haijathibitika kwamba mwanawe anashikiliwa. Kwa hiyo kwa mujibu wa sheria Kiprono hakufa, na hakushikwa. Yupo tu mahali ambapo karatasi hazifiki.

Nilistaafu kabla ya wakati wangu, kwa sababu ya koo. Wenzangu walinipa blanketi na saa ya ukutani. Mtu aliyesema maneno ya wengine maisha yake yote hukuta nyumba yake kimya sana. Nikifungua kinywa asubuhi nangoja mtu aanze, na anayeanza ni redio.

Kogo alizikwa msimu uliopita wa mvua. Nilienda, nikasimama pembeni karibu na michai, mahali pangu pa kawaida. Mchungaji alitaja watoto wake mmoja mmoja, kila mmoja akiinua mkono, mpaka akafika mwisho. "Na marehemu Kiprono," akasema, "ambaye sasa ameungana na mama yake."

Nilisikia sauti ikisema, "Nani amemwona?"

Watu waligeuka. Ilikuwa sauti mbovu, yenye kukwaruza. Nilitazama huku na huku kumtafuta aliyesema ili nimtafsirie.

"Mzee, unasemaje?" Mchungaji aliuliza.

Hakuna aliyekuwa amesema kabla yangu. Nikavua kofia.

"Nasema hayo ni maneno ya watu. Mtaje kama wengine."

Mchungaji aliwatazama wana wa kogo. Mkubwa wao aliitikia kwa kichwa. Basi akarudia, polepole: "Na Kiprono." Akangoja, kama alivyowangojea wengine wote, mkono uinuliwe.

Nikainua wangu.