Kitunga ya Kitu Moja

Kasoki anakasirikaka mbio kuliko maziwa yenye kuchemka, mutaa muzima ya Mabanga inajua. Masomo aliyaacha mu secondaire, lakini kazi ya programu alijifunza mu telefone yenye kioo ya kupasuka. Leo yeye njo anaandika serveur, ile machine ya nyuma yenye kupokea na kutuma, ya «Leta Mbio»: bapishi ya Goma wanaagiza mboga, bamama ya Kibumba wanazitoa, bamotari wanabeba na pikipiki. Mwenzake Benny anatengeneza aplikasyo, ile batu wanagusaka na kidole.

Sasa, serveur na aplikasyo zinaombaga mapatano: nini inatumwa, na inatumwa namna gani. Hapo njo vita ilianzia.

— Mutu akiomba kitu moja, niitume namna gani? Kasoki akauliza.

— Tuma ile kitu, basi.

— Na akiomba bintu mingi?

— Hapo utaweka mu kitunga.

— Benny! Leo uchi, kesho mu kitunga? Weye ukienda kwa bakwe na sukari kilo moja, unaishika mu mukono kama mwizi? Hata kitu moja, kitunga!

— Kitunga muzima juu ya kitu moja! Unapenda kujaza nafasi bure.

— Sawa, chef. Ikuwe vile unataka!

Akaandika vile Benny alitaka. Kisha akajaribu aplikasyo ya Benny. Kitu moja: ikapita muzuri. Bintu mbili: ile machine ikatia mukono mu kitunga, ikashika cha kwanza, ingine ikatupa, lakini magunia ya bintu yote ikaihesabia kile cha kwanza. Kasoki akaona. Akafunga kinywa, akatabasamu peke yake.

Sababu Jumamosi walikuwa na rendez-vous kwa Mama Louise, mama wa Bukavu mwenye kupikia maarusi makubwa ya Goma. Akipenda kazi yao, maarusi yake yote yatapitia kwao. Akikataa, wafunge tu. Kasoki alishapanga jeu, muchezo yake: Benny atatoka jasho kidogo mbele ya mama, kisha yeye atatengeneza na vidole viwili, abakie malkia.

Lakini Mama Louise haombaka ruhusa ya mutu. Ijumaa, bila kuambia mutu, akaagiza yeye mwenyewe chakula ya arusi ya kweli: puaro, ile ndugu ya kitunguu yenye majani marefu, viazi, karoti na shu, ni kusema kabeji, zote pamoja gunia kumi. Puaro alitaja ya kwanza.

Jumamosi asubui Kasoki na Benny wanafika kwa mama, bamotari wanashusha puaro. Gunia ya puaro, na ingine ya puaro, na ingine. Kiwanja yote inanuka.

Mama Louise alikuwa amesimama, mikono mu kiuno.

— Munieleze. Nani anaoa leo, mbuzi?

— Mama, ni serveur… Benny akaanza.

— Serveur yangu? Kasoki akapaza sauti. Weye njo ulikataa kitunga!

Mama akatoa telefone yake. Alikuwa anaita motari wake wa zamani. Kasoki akasogea mbele.

— Mama, ngoja. Yeye alikosea, lakini miye niliona tangu juzi, nikanyamaza. Nilitaka apate haya mbele yako.

— Kumbe! Arusi ya batoto ya batu munafanya jeu?

Mama akarudisha telefone mu mufuko.

— Mutengeneze. Apa apa.

Wakakaa juu ya puaro, bega kwa bega, wanatukanana chini chini. Kasoki akaandika: kila siku kitunga. Benny akafundisha machine yake kutoa yote mpaka chini. Wakaagiza upya. Saa sita viazi, karoti na shu vikafika, arusi ikakula.

— Na contrat ya kazi, mama? Benny akauliza polepole.

— Na haya majani? Mutauzisha. Siku kitunga yenu itakuwa wazi, bila hata jani moja, muniletee.

Wakauzisha mu kitunga kando ya barabara, Kasoki na pagne, ile kitenge yake ya arusi.

— Kasoki, komputa inazalaka puaro? jirani mumoja akacheka.

— Nunua ao pita!

Siku ya mwisho ilibakia puaro moja tu. Mama mumoja akaiomba. Benny akaishika mu mukono, akaona macho ya Kasoki, akairudisha mu kitunga, akapana kitunga na mikono mbili. Ule mama akatwaa puaro yake, akaenda anacheka.

— Sasa tutapeleka kweli kitunga bila kitu ndani? Benny akauliza.

— Tupeleke kitunga wazi. Akiona wazi, atajua zimeisha. Asipoona hata kitunga, atafikiri tumepotea.

Mama Louise akaangalia ndani, akageuza kitunga, akaitingisha.

— Muzuri. Kuna arusi juma yenye kuja. Muanze.

Benny akaruka. Kasoki akanyoosha mukono arudishe kitunga, lakini mama akaivuta.

— Kwetu kitunga hairudiaka wazi, mutoto wangu.

Akaingia mu jikoni, akatoka na sufuria imefunikwa, akaiweka ndani. Kasoki hakuomba kufungua. Harufu ilishasema: supu ya puaro.

— Mama, Kasoki akasema, meno imefungwa, aksanti sana.