Kadi Tupu ya Kayitesi

Pale Kashuga, ukitaka kumjua Mama Euphrasie, waulize watoto. Watakuambia ana macho kisogoni. Hata akiwa amewapa mgongo anaandika ubaoni, anajua ni nani anatafuna muwa kwenye benchi la nyuma. Watu wazima nao wanamwogopa kidogo, ila hawasemi. Ni mjane, analima maharage na mihogo mlimani, na ndiye katekista wa kanisa dogo la mabati lililo jirani na kambi ya wakimbizi. Padri hufika huko mara moja kwa miezi miwili, njia ikiruhusu. Siku nyingine zote watu wanamtegemea yeye.

Ukali huo hakuzaliwa nao. Zamani kidogo vita viliwasukuma wote msituni, wakakaa huko karibu miaka miwili bila misa wala kengele. Mumewe, Athanase, alifia huko kwa homa. Walipomlaza kaburini wakabaki kutazamana. Hakuna aliyekumbuka sala za mazishi. Mmoja alianza sala ya Nasadiki akakwama katikati, mwingine akadakia akakosea, mwishowe wakaimba wimbo wa Noeli, kwa kuwa ndio pekee walioujua wote mpaka mwisho. Ilikuwa mwezi wa Aprili. Euphrasie aliona aibu kuliko alivyoona uchungu, na mpaka leo hajajisamehe hilo. Aliporudi Kashuga aliapa kwamba hakuna mtoto wa huko atakayesahau sala zake tena.

Basi adui yake mkubwa ikawa vakansi. Shule zikifungwa, watoto hutawanyika: huyu kwa shangazi, yule shambani, wengine na wazazi wao hadi Walikale. Wakirudi wanafanya ishara ya msalaba kama mtu anayefukuza nzi. Na komunyo ya kwanza hutolewa tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, katikati ya vakansi hizo hizo, maana ndiyo siku ambayo padri hakosi.

Ndipo alipobuni kadi. Alikata maboksi ya sabuni vipande vipande, kila kipande na jina la mtoto na mistari sita kwa Jumapili sita. Unayekwenda mbali, nenda na kadi yako. Huko uendako usali, na aliyeongoza sala atie sahihi. Sahihi zikiwa chini ya nne, komunyo utaingoja mwaka mzima.

"Munisikilize muzuri, batoto," aliwaambia siku ya kuzigawa, kidole juu. "Mwenye anasalisha njo anasinya. Na mutu asijisinyie mwenyewe! Nikikamata mutu amejisinyia, asinione tena hapa."

Kwenye benchi la mbele alikuwepo Kayitesi, wa miaka kumi na mmoja, binti wa Nyiraneza, mama mmoja wa kambini. Huyo aliweza kuisema Nasadiki ndefu bila kuvuta pumzi. Mwaka uliotangulia alikuwa tayari kwa komunyo, familia ikakimbia siku tatu kabla ya sikukuu. Kwa hiyo mwaka huo aliisubiri kwa hamu isiyo ya kawaida. Euphrasie alimpenda kuliko wote, akajitahidi isionekane, na kwa kujitahidi huko akawa anamkaripia mara mbili zaidi.

Wiki ya kwanza ya Julai, Nyiraneza alisikia kuna kazi ya kuvuna karanga upande wa Ntoto. Akamchukua binti yake, wakaenda kwa miguu, siku tatu.

Walirudi tarehe kumi na tatu Agosti. Kayitesi hakupitia hata kambini. Alikuja kanisani moja kwa moja, miguu imevimba, akatoa kadi ndani ya gauni alikoificha isilowe. Mama Euphrasie akaigeuza upande huu na upande ule. Ilikuwa tupu.

"Kayitesi, ni nini hii?"

"Karte yangu, Mama."

"Naona ni karte. Sinyatire ziko wapi? Ulisali ao ulicheza?"

"Nilisali, Mama. Kila siku ya Mungu."

"Na nani?"

"Na batu ya kule."

"Batu ya kule habana mikono ya kusinya?"

Mtoto akainamisha kichwa. Euphrasie alisubiri kidogo, kidogo sana, kama anavyosema mwenyewe siku hizi. Alikuwa amechoka, watoto kumi na tisa walikuwa wanagombania mstari, na alikuwa ameshawarudisha wawili wenye kadi pungufu. Angewaambia nini wazazi wao?

"Sheria ni sheria," alisema. "Mwaka ujao."

Kayitesi hakulia mbele yake. Alisema, "Ndiyo, Mama," akaomba arudishiwe kadi yake, akaondoka nayo.

Siku ya sikukuu alikuja, akakaa benchi la mwisho akiwa na gauni lake la kila siku, akaimba nyimbo zote. Mbele, Yves fulani alipokea komunyo kinywa wazi. Kadi yake ilikuwa na sahihi sita za wasalishaji sita, zote kwa kalamu moja ya bic na mwandiko mmoja. Euphrasie aliuona mwandiko huo na akanyamaza, maana kadi ilikuwa imejaa.

Wiki mbili baadaye, siku ya soko, mwanamke kutoka Ntoto aitwaye Adelaïde alileta mafuta ya mawese. Alipomaliza kuuza akauliza njia ya kwenda kwa katekista.

"Mama, natafuta katekista wetu mudogo," alisema. "Batu bamenituma nimusalimie."

"Katekista gani?"

"Kayitesi. Kwetu katekista alikimbiaka tangu Pasaka, kanisa tulifunga. Ule mutoto alifika, akauliza ufunguo. Jumapili ya kwanza tulikuwa batu tano. Ya mwisho tulijaa mpaka inje. Yeye njo alitusalisha, yote sita. Na alipozikwa Papa Symphorien, yeye njo alisema sala za mazishi, zote, bila kitabu. Tulilia, Mama."

Euphrasie aliketi chini, pale pale kwenye vumbi. Mwenye kusalisha ndiye anayesaini, na mtu asijisainie. Mtoto alikuwa ameyashika maneno yake yote mawili, na kati ya hayo mawili hakukubaki hata mstari mmoja wa kujaza. Angeweza kudanganya kama Yves. Hakudanganya, na alikosa komunyo kwa ajili hiyo.

Alikimbilia kambini, mwanamke wa miaka hamsini na minane, kitenge mkononi. Lakini siku nne kabla, risasi zilikuwa zimelia upande wa Mweso, na nusu ya kambi ilikuwa imeondoka. Kwenye kibanda cha Nyiraneza yalibaki mafiga na turubai lililopasuka. Jirani mmoja alisema wameenda Sake. Mwingine akasema hapana, Minova. Wa tatu akasema kwenye mambo kama hayo mtu haagi.

Tangu hapo ametuma salamu kwa madereva wa pikipiki, kwa wauza maharage, kwa makatekista wa kila njia. Hakuna jibu lililorudi. Kadi hazigawi tena. Padri alipofika, Euphrasie aliungama, akapewa malipizi ya rozari moja, na akakasirika kwamba ni moja tu.

Padri alimwondolea dhambi kwa jina la Mungu, na yeye anaamini ameondolewa. Hata hivyo, kila misa anawapanga watoto mstari, anawanyoosha kola, anawasindikiza mpaka mbele, halafu anarudi kuketi bila kupokea. Sasa ni mwaka wa pili. Padri amemsihi mara mbili, na mara ya mwisho alishuka altareni na hostia mkononi, akamfuata mpaka kwenye benchi.

"Bado, Padri," alimjibu, machozi yakimtoka mbele ya watoto wote. "Kuna mutoto mumoja alipaswa kunitangulia."