Marimba Iliyoitwa ya Kigeni

Kamanthe hakuwa mtu wa kununa. Akikasirika alisema, na akishasema alirudia. Wasichana wa shule moja mjini Machakos walilijua hilo tangu mwaka wa 1994, alipoingia darasani tarumbeta kwapani akauliza nani aliwaambia kipindi cha muziki ni cha kupumzika.

Tarumbeta alijifunza utotoni katika bendi ya Jeshi la Wokovu huko Kangundo. Mengine aliyatoa Ghana, alikosomea ualimu wa muziki miaka mitatu. Jioni alipiga jazi na bendi ya wanaume waliomcheka wiki ya kwanza, na ya pili wakampisha mbele. Huko alimsikia mpigaji mmoja wa balafoni, marimba ya mbao yenye vibuyu chini yake. Mkono mmoja ulihesabu tatu, mwingine mbili. Kamanthe akashtuka. Hivyo ndivyo mama yake na shangazi walivyotwanga mahindi ya muthokoi, michi miwili kwenye kinu kimoja.

Aliporudi alimwendea Nzioka, mchongaji wa Wamunyu aliyekuwa amechoka kuwachongea watalii twiga. Walikaa wiki tatu. Kamanthe alipuliza sauti kwa tarumbeta, Nzioka akaparuza ubao kidogo kidogo mpaka ukaitika. Mbao zikafika kumi na saba. Vibuyu vilitoka Masinga.

Mwaka wa 1997 aliwapeleka wasichana kwenye mashindano ya muziki, upande wa nyimbo za asili. Waliimba wimbo wa kutwanga, marimba ikiwabeba, kisha Kamanthe akapokea kwa tarumbeta, akaupeleka wimbo alikotaka na kuurudisha salama. Ukumbi ulisimama.

Jaji, mwalimu aliyeitwa Justus, alingoja watu waketi.

"Hii si muziki ya Wakamba," akasema. "Tarumbeta ni ya wazungu, na hiyo marimba ni ya West Africa. Shule imeondolewa."

Sheria zilisema hivyo kweli. Kamanthe alikuwa amezisoma, akadhani wimbo ungezishinda. Akasimama.

"Mwalimu, hizi mbao zimetoka Wamunyu. Wimbo ni wa mama yangu. Na asubuhi umewapa nambari moja watoto walioimba na piano. Hiyo piano ilichongwa Mwala?"

Watu walicheka. Justus hakucheka. Wiki iliyofuata ilikuja barua: shule isishiriki miaka miwili, ila mwalimu akiomba msamaha.

"Andika tu, Kamanthe," mkuu wa shule, Madam Nduku, alimwambia. "Ni karatasi."

"Nikiandika, wasichana watasema nilikosa wapi?"

"Watasema uko na kazi."

Hakuandika. Januari akahamishiwa Matuu, shule isiyo na muziki, afundishe somo la dini. Aliomba aondoke na marimba yake. Madam Nduku akasema imo stoo, na kilichomo stoo ni cha shule hadi karatasi zishughulikiwe.

Likizo ya Aprili alikwenda kuifuata. Stoo ilikuwa tupu. Mpishi alimweleza bila ubaya wowote.

"Tuliambiwa tutoe takataka. Hizo mbao zilikuwa kavu sana, mwalimu. Zilishika moto vizuri."

Kamanthe alikwenda moja kwa moja ofisini. Hakubisha hodi.

"Si zilikuwa tu mbao?" Madam Nduku akasema alipoambiwa.

Karani aliyekuwa mlangoni alisimulia baadaye kwamba hakuwahi kusikia mtu akimsema mkubwa wake nusu saa nzima bila kutukana hata neno moja. Kamanthe mwenyewe hakukumbuka alichosema. Alikumbuka tu kwamba alifika stendi ndipo akalia, kwa uchungu wa kukosa cha kuvunja.

Aliacha kazi ya serikali mwaka uliofuata. Guled, mfanyabiashara wa mifugo, alikuwa na ghala la ngozi nyuma ya soko la Machakos, akampangisha nusu yake.

"Piga, mama," alimwambia, "lakini adhana ikitoka, nyamaza."

"Na hizo ngozi zikinuka?"

"Hapo tuvumiliane."

Nzioka alichonga marimba nyingine, halafu ya pili. Kufikia 2004 wanafunzi walikuwa kumi na tano, wengine makarani, mmoja mshonaji, na hapakuwa na mashindano yoyote aliyowapeleka. Ndipo shule yake ya zamani ikaleta barua: ilikuwa ikisherehekea miaka arobaini, ikaomba kikundi cha "mwalimu wetu mpendwa" kije kutumbuiza. Kamanthe aliwasomea kwa sauti, akaikunja.

"Hatuendi."

"Lakini madam," akasema Mutanu, yule mshonaji, "wale wasichana walioko sasa hawakuchoma kitu."

Hilo lilimuudhi kuliko barua yenyewe, kwa sababu lilikuwa kweli, na siku ya tatu akaikunjua barua, akajibu kwamba watakuja.

Walikwenda. Walipiga saa nzima, na wasichana wa kidato cha kwanza wakaacha viti wakaja mbele kuona mikono ya wapigaji. Kamanthe aliwaita wanne, akawapa vijiti, akawafundisha tatu kwa mbili palepale huku wageni wa heshima wakingoja hotuba. Mwishowe Madam Nduku, aliyekuwa karibu kustaafu, alimjia akitabasamu, akanyoosha mkono.

Kamanthe aliutazama.

"Hapana, mwalimu," akasema kwa upole, akaenda kuwatafutia wanafunzi wake maji ya kunywa.