Rula Iliyotembea Bure

Siku yangu ya kwanza kazini katika kampuni ya vitabu huko Kampala, miaka michache baada ya vita vya Uganda, Meneja wa Uchapishaji alinipa rula ya mbao, kalamu nyekundu na onyo. "Wewe Mkenya, hapa hatuhariri kwa digrii. Tunahariri kwa rula." Nilikuwa nimetoka chuo kikuu nikihoji kila kitu, kuanzia Mungu hadi bei ya matoke. Nilijiona nimepewa kazi ya karani.

Ninyi mnaohariri kwenye kompyuta hamkuona jambo hili. Mpiga chapa alituletea prufu, yaani kurasa za majaribio. Mtu mmoja alisoma mswada kwa sauti, pamoja na kila nukta na mkato. Mwenzake aliifuata prufu, rula chini ya mstari. Neno likirukwa, rula ilisimama na msomaji akanyamaza. Ofisini kwetu desturi ilikuwa mwandishi mwenyewe ndiye asome. Hakuwa na ulinzi mwingine.

Hivyo ndivyo nilivyofahamiana na Mama Riziki, mkimbizi kutoka mashariki mwa Kongo, aliyeuza vitenge katika soko la Nateete na kuandika riwaya katika madaftari ya shule. Wengi Kampala walikiona Kiswahili kuwa lugha ya askari. Yeye alikiandikia watu wanaopenda na kuzika. Vitabu vyake viwili vya kwanza vilitoka bila taabu.

"Polepole, Mama, rula imechoka."

"Rula ndiyo imezeeka, papa. Miye bado kijana." Kwa Kikongo chake, "papa" ni baba.

Riwaya ya tatu ilikuwa na sura ya tisa. Mwanamke anakaa langoni mwa kambi ya jeshi kutwa nzima na shati lililopigwa pasi, akimngoja mwanawe aliyechukuliwa. Mama Riziki aliniambia mara moja tu kwamba shati lile alilipiga pasi yeye.

Meneja aliniita. "Sura hii itatufungia milango ya shule. Serikali haitakinunua kitabu."

"Niifute?"

"Ssebo, bwana wangu, nimekuambia ufute? Nimekuambia ufikirie."

Hadi leo sentensi hiyo inanichemsha. Hakuna amri, hakuna sahihi, hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mwenye kalamu. Na mimi, mhoji wa kila kitu, siku ile nilikosa hata swali moja. Niliitoa sura ya tisa; ya kumi ikawa ya tisa.

Nilipaswa kumwambia Mama Riziki kabla ya kusoma prufu. Sikumwambia. Alifika kwenye sura ya lile shati, akaanza kuisoma, na kwenye kurasa zangu hapakuwa na neno lake hata moja. Rula ilipaswa kusimama. Niliisogeza. Mstari baada ya mstari, juu ya maneno mengine kabisa, nikigeuza kurasa kila alipovuta pumzi, hadi mwisho wa sura.

"Umefuata?"

"Nimefuata, Mama."

Akatia sahihi ya kuruhusu kitabu kichapwe.

Kitabu kilipotoka alikuja, akakiweka mezani kwangu. "Papa, siku ile rula yako ilikuwa inatembea wapi?"

Meneja alisikia, akafunga mlango wake taratibu. Nikasema ni Meneja aliyetaka.

"Meneja hakushika rula."

Nilidhani hatarudi. Alirudi na daftari jipya, maana nani mwingine mjini angemchapisha? Hilo nalo linanikasirisha, kwamba hakuwa na mlango mwingine. Tangu hapo rula alishika yeye, mimi nikasoma. Tulifanya riwaya nne hivyo. Nikawa mhariri mwandamizi, kisha Mhariri Mkuu, mwenye uwezo wa kuirudisha sura ile katika kila toleo jipya. Kila mara nilifikiria. Kufikiria nilikuwa nimejifunza vizuri.

Siku ya kustaafu, Mkurugenzi alisifu uaminifu wangu kwa maandishi. Watu wakapiga makofi. Nilitaka kumkatiza, nikala keki. Ndipo Mama Riziki, ambaye sasa hutembelea mkongojo, akatoa daftari kuukuu mkobani.

"Soma, mzee."

Niliisoma sura ya tisa mbele ya wote, kila nukta, kila mkato. Yeye alichukua rula yangu ya mbao, akaiweka juu ya meza tupu, akaanza kuisogeza palipokosa karatasi. Meneja wa zamani, aliyealikwa kwa heshima, aliitazama sahani yake. Nilipita kwenye shati, nikasoma hadi mwisho wa sura.

"Umefuata, Mama?"

Aliisimamisha rula. "Hapana, mzee. Ningefuata nini?"